Jibu la Kidole

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ana sauti nzuri, hilo simnyimi. Ni nzito, ni laini, na abiria wakiisikia ndani ya ndege hulegea vitini kama watoto walioshiba. Ubaya ni kwamba hata yeye mwenyewe ameisikia. Tangu alipogundua kwamba Mungu alimpa sauti, amekuwa akiitunza kwa ajili ya watu anaoona wanastahili, na sisi tunaofanya kazi kwenye mnara wa kuongozea ndege hatumo.

Sisi hutujibu kwa kidole.

Kiwanja chetu ni kidogo na hakina rada. Rubani akiwa angani simwoni, namsikia tu. Najua yuko wapi kwa sababu ameniambia, na najua atafanya nilichomwagiza kwa sababu amekirudia kwa mdomo wake. Nikisema, "Baki futi elfu tisa," naye anasema, "Nabaki futi elfu tisa," mimi nasikiliza kama amerudia sawa. Hakuna falsafa hapo. Hata mtoto anayetumwa dukani huulizwa mlangoni, "Haya, nimekutuma nini?" na mtoto hujibu bila kuona kama ameshushiwa hadhi.

Lakini Kapteni, kama anavyotaka kuitwa hata na mama mkwe wake, si mtoto wa kutumwa dukani. Ukimpa maelekezo, hubonyeza kitufe cha kuongelea mara mbili, haraka haraka, bila kusema neno. Kwenye hedifoni unasikia tk-tk, basi. Maana yake eti amesikia, ameelewa, na una bahati amepoteza muda wake kwako. Na ukimtazama anavyotembea kiwanjani na miwani yake, mkanda unang'aa, utadhani anaendesha dege la kuvuka mabara. Ni ndege ya viti kumi na viwili. Rubani ni yeye peke yake, hana hata msaidizi wa kumwonea.

Mtindo ule ukaenea, maana ujinga wa mkubwa huigwa upesi kuliko akili zake. Marubani wadogo wakaanza kubofya. Wa ndege ya kunyunyizia dawa mashambani, ambaye leseni yake bado inanuka wino, naye akawa anabofya. Ilifika mahali siku nzima nasikiliza tk-tk kama mtu anayekaa na panya darini. Na wote wako kwenye masafa yale yale, wote wananisikia mimi, na mbofyo hauna jina. Mtu akisema, namtambua kwa sauti. Akibofya, nitamtambua kwa nini?

Aliyebaki na adabu ya kazi alikuwa mmoja, mama wa makamo anayerusha ndege ya mizigo. Yule ukimwambia neno hulirudia lote, toka mwanzo hadi mwisho, kila siku, hata akiwa na mafua. Kapteni akambandika jina la Kasuku. Wenzake wakacheka hadi machozi. Jina likamganda, na yeye wala hakujali, akaendelea kurudia.

Mimi nilikuwa nikikataa mibofyo ya Kapteni. Akibofya, namwambia arudie. Akibofya tena, namwambia tena. Mwishowe akaenda kwa mkuu wetu wa zamu kusema kwamba shemeji yake anamletea mambo ya nyumbani kazini. Mkuu wa zamu ni mtu ambaye maisha yake yote ameyapanga ili asije akaulizwa swali. Akaniita pembeni.

"Mwenzako ameanza kuruka wewe bado unajifunza kufunga kamba za viatu," akaniambia. "Akibofya, si umemwelewa? Mwache. Yasije yakawa makubwa."

"Ndiyo nakataa yasije yakawa makubwa," nikasema.

"Mama, mimi nimekwambia tu."

Hiyo ndiyo hali iliyokuwepo mdogo wangu alipojifungua, na Mama yetu akatakiwa kuja kumwona mjukuu wake wa kwanza. Mama alikuwa hajawahi kupanda ndege maishani mwake. Kapteni akasema atamleta mwenyewe, kwenye kiti cha mbele karibu na dirisha. "Watu wataonaje mimi nina ndege halafu mama mkwe wangu asiipande?" Ndivyo alivyosema. Sikumsikia akiuliza Mama mwenyewe ataonaje. Lakini mdogo wangu alifurahi mpaka sauti ikampaa kwenye simu, na mimi nikanyamaza, kwa sababu mzazi aliyetoka kujifungua humwambii kwamba mumewe ni debe tupu.

Siku yenyewe ikawa zamu yangu. Mchana, mawingu mazito, yana matundu hapa na pale. Nilikuwa nimekaa kwenye redio, mkuu wa zamu yuko nyuma yangu anakoroga chai. Kapteni nilikuwa namtarajia baadaye kidogo. Kwa hiyo nilimruhusu Kasuku aondoke na mizigo yake, nikampa apande hadi futi elfu nane na abaki hapo, akielekea kule kule Kapteni anakotokea. Akarudia: "Napanda elfu nane, nabaki elfu nane." Chini, ndege ya kunyunyizia dawa ikaomba kuruka. Nikaiambia isubiri. Rubani wake akakaa kimya, huenda alikuwa anafunga mkanda, huenda anajitazama kwenye kioo.

Mara sauti hiyo, mapema kuliko ilivyopaswa. Alikuwa amekata kona ili amwonyeshe mkwe wake jinsi anavyojua njia.

"Mnara, habari za mchana. Kapteni hapa. Kituo kikuu wamenipa nishuke hadi elfu tano, nipo njiani. Leo nina mgeni wa heshima, msinicheleweshe."

Kituo kikuu, wanaoongoza ndege kabla hazijafika kwetu, hawakujua kuhusu Kasuku, maana nilitegemea atakuwa amempita Kapteni zamani, kabla Kapteni hajaanza kushuka. Sasa walikuwa wanatazamana uso kwa uso kwenye njia moja, mmoja anashuka, mwingine yuko elfu nane. Jambo lenyewe si la ajabu. Yanatokea, ndiyo maana tumewekwa pale. Nikabonyeza kitufe.

"Usishuke chini ya elfu tisa. Nasema tena, baki elfu tisa. Mbele yako kuna ndege ya mizigo, inakuja upande wako, iko elfu nane. Rudia."

Tk-tk.

Mkuu wa zamu akanywa chai yake. "Haya, kashajibu."

"Hajarudia."

"Kabofya."

Nikamwita tena. Kimya. Nikamwita mara ya tatu kwa jina la ndege yake, taratibu, kama ninavyofundisha wanafunzi. Kimya. Redio ilikuwa nzima, taa inawaka, hedifoni haina kasoro. Mama yangu alikuwa kwenye kiti cha mbele, karibu na dirisha.

"Mbona unamtafuta mtu?" mkuu wa zamu akasema. "Mkorofishano wenu uacheni huko huko jikoni kwenu. Kapteni amesikia, atabaki tisa, na mwenzake yuko nane. Wanapishana salama."

"Na kama hakusikia?"

"Sasa nani kabofya, shetani?"

Nikamgeukia Kasuku redioni. Mkuu wa zamu alipoona ninachotaka kufanya akaweka kikombe chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Usimpindishe huyo! Watauliza kwa nini amepindishwa, tutajibu nini?"

"Pinda kulia," nikamwambia Kasuku. "Pinda sasa hivi, kabisa, ondoka njiani. Ndege mbele yako inashuka na rubani hanijibu."

"Napinda kulia sasa hivi, naondoka njiani," akasema. Hakuuliza kwa nini wala hakunung'unikia mafuta. Hakupoteza hata pumzi.

Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza, natazama mawingu kupitia kioo kana kwamba macho yangu yangeweza kuyatoboa. Nilikuwa namwaza Mama na mkoba wake mweusi, ambao najua kabisa ameukumbatia tumboni, ndani yake kuna nguo za mtoto alizozifuma mwenyewe. Nilimchukia yule mwanamume kwa chuki ambayo sikujua ninayo. Nilimchukia mkanda wake, miwani yake, namna anavyosema "Mungu akipenda" huku anamaanisha "mimi nikipenda." Kama angekuwa amebeba mawe matupu ningemchukia vile vile, lakini nisingetetemeka.

"Mnara." Ni Kasuku. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nimemwona. Ametokea kwenye wingu na amenipita juu ya bawa la kushoto. Nimeliona tumbo lake." Halafu akaongeza neno ambalo hakuna aliyemwagiza. "Jamani."

Kabla sijamjibu, redio ikaita tena. Safari hii ilikuwa ndege ya dawa, huko chini.

"Mnara, mimi bado nasubiri hapa. Uliponiambia nilikuwa nafunga mkanda, nikabofya baadaye, ulipomaliza kuongea na Kapteni, sijui mlinisikia?"

Niligeuka nikamtazama mkuu wa zamu. Alikuwa anatafuta kikombe chake cha chai, na kilikuwa mbele yake.

Halafu, kwa utulivu wote wa dunia, Kapteni akaingia hewani. "Mnara, nimefika elfu tano, naona kiwanja. Mbona leo mko kimya sana?"

Nikamruhusu atue. Nilimruhusu kwa sauti ya kawaida, kwa sababu mwongoza ndege hapigi kelele, na kwa sababu alikuwa bado amembeba Mama yangu. Kupitia kioo nikawaona wanateremka. Kapteni alimshika Mama mkono kwenye ngazi, akainama kama bwana harusi anayepigwa picha. Mama alikuwa anacheka. Mkoba mweusi uko kifuani. Nilimkabidhi mwenzangu redio, nikaingia chooni, nikalia mpaka nikaridhika.

Nilipotoka nikaandika taarifa yangu. Mkuu wa zamu akaisoma huku anajipangusa uso.

"Ndege zote ziko salama," akasema. "Watu wote wazima. Sasa hii karatasi inatafuta nini?"

"Inatafuta leseni yake."

"Ya mume wa mdogo wako? Baba wa mtoto mchanga?" Akashusha sauti. "Fikiria familia, mama. Yasije yakawa makubwa."

Nikamwambia kama haipeleki yeye nitaipeleka mimi kesho. Akasema kesho ni mbali. Watu wa aina hii siku zote huiona kesho iko mbali, mpaka iwakute.

Kapteni nilimkuta maegeshoni, bila shaka mkuu wa zamu ameshamnong'oneza yote, anapangusa kioo cha gari lake kwa kitambaa maalumu. Nikamuuliza alikuwa anafanya nini nilipomwita.

"Nilikusikia, shemeji. Si nilibofya?"

Alisema hivyo bila kupepesa jicho. Kwa sekunde moja nilitaka hata kumpa heshima, maana kusema uongo mkubwa namna ile, mchana kweupe, mbele ya aliyekuwa kazini, kunahitaji kipaji.

"Aliyebofya ni ndege ya dawa. Ameniambia mwenyewe."

"Basi tulibofya pamoja." Akaendelea kupangusa. "Nikabaki elfu tisa mpaka nilipompita, ndipo nikashuka. Sikuona ndege yoyote. Huyo Kasuku wako ni mtu mzima, na wingu likiwa zito mtu huona mengi. Usimtishe mke wangu kwa hadithi hizi, maziwa yatamkauka."

Yaani ameshatafuta na pa kujifichia: kwenye maziwa ya mtoto wake.

Jioni nikaenda kwao. Mdogo wangu nilimkuta jikoni anachemsha maji, amechoka, ana furaha, nywele zimefungwa kwa kitambaa. Mama na Kapteni walikuwa sebuleni na mtoto. Sikuwa na njia laini ya kulisema lile jambo, nikalisema lilivyo. Nikamwambia mumewe alishuka bila kunisikia na nusura agongane na ndege nyingine, na kwamba Jumapili Mama asirudi naye.

Alinisikiliza huku mkono uko kwenye mfuniko wa sufuria.

"Dada," akasema, "tangu nimeolewa hujawahi kumsema vizuri hata siku moja."

"Hajanipa nafasi."

"Unaona? Ndiyo hivyo. Kila kitu unakitia pilipili." Machozi yalishaanza kumlenga. "Yeye kaniambia utakuja na maneno haya. Kaniambia amebaki juu kama ulivyomwambia, na hakuna ndege yoyote aliyoiona. Nimemwapisha kwa kichwa cha mtoto, dada. Kwa kichwa cha mtoto, na akaapa. Sasa nimwamini nani?"

Niseme nini? Mwenye kuapa amelala naye kitanda kimoja, na mimi ni dada mkubwa mwenye ulimi mkali ambaye kila mtu anajua simpendi shemeji yangu. Sikio la kufa halisikii dawa, nikawaza, lakini sikulisema, maana safari hii sikio lilikuwa la mdogo wangu, na wa kufa ni Mama. Nikabeba sinia la chai, tukaenda sebuleni.

Kapteni alikuwa amekaa kwenye kochi kubwa, amempakata mtoto kwenye mkono mmoja, ameshaanza kusimulia upepo wa leo ulivyokuwa na jinsi alivyoudhibiti. Mama yuko pembeni yake, bado amevaa nguo za safari, hataki kuzivua. Alivyoniona akanivuta nikae naye.

"Mwanangu, mbona hukuniambia kazi yenu ni nzuri hivi? Kule juu ni raha! Na mkwe wangu ana maneno, we! Nilikuwa namtazama hapo mbele. Akageuza kile kitufe cha redio, kelele zote zikanyamaza, akachukua kile cha kuongelea na abiria, akasema, 'Mabibi na mabwana, leo nimembeba mama yangu mzazi wa pili.' Watu wakapiga makofi! Mimi nikaona haya, nikajifunika na mtandio."

Mdogo wangu alikuwa anamimina chai. "Alizima redio, Mama?"

"Hakuizima, aliipunguza. Ili watu wamsikie vizuri." Mama akamgeukia mkwewe kwa upendo. "Si ndiyo, baba?"

"Kidogo tu, Mama," Kapteni akasema. "Ni kawaida. Hiyo chai mbona inamwagika?"

Kweli ilikuwa inamwagika. Mdogo wangu akainua birika, lakini hakuliweka chini.

"Basi watu bado wanapiga makofi," Mama akaendelea, "ndipo nikaiona ile ndege nyingine."

Nilihisi nikisema neno moja tu litaonekana langu, na halitaaminika tena.

"Ndege gani, Mama?" mdogo wangu akauliza.

"Ile yenye mkia mwekundu. Ilipita hapa, chini ya dirisha langu, imeinama hivi, inageuka." Akaonyesha kwa kiganja chake, juu ya sinia, karibu sana na kikombe. "Karibu, mwanangu! Kama kutoka hapa mpaka kwa jirani. Anayeiendesha nilimwona kabisa, mwanamke, amevaa miwani myeusi. Nikampungia mkono." Akacheka, akampungia hewani tena, vidole vyote vitano. "Yeye hakunipungia, labda hakuniona. Lakini nilifurahi. Nikasema, kumbe hata huku juu watu wanapishana na kuonana. Sisi huku chini tunadhani wako wapweke."

Kapteni akakohoa. "Mama, kule juu jua likipiga kwenye mawingu, huwa kuna vivuli..."

"Kivuli chenye miwani?" Mama akamuuliza. Hakuwa anamshambulia. Alikuwa anataka kujua tu, kama mtu anayejifunza mambo ya ndege.

Kapteni akamrekebisha mtoto mkononi. Nilikuwa nimeisubiri saa ile kwa miaka, nimeipangia maneno, mengine makali kiasi kwamba nilikuwa nayaonea fahari. Sasa ilipofika sikuwa na hamu nayo. Nilimwona tu mwanamume kwenye kochi, jasho limemtoka juu ya mdomo, hana pa kuweka macho yake. Hata kumdharau kulianza kunichosha.

Mdogo wangu aliweka birika chini. Akaenda mpaka kwenye kochi, akainama, akamchukua mtoto kutoka mkononi mwa mumewe. Hakumnyang'anya. Alimchukua polepole, mkono mmoja chini ya kichwa, kile kichwa kilichoapiwa, akarudi nyuma hatua kadhaa na kubaki amesimama.

"Mama," akasema, "Jumapili utarudi kwa basi."

"Kwa basi?" Mama alimtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama mkwewe, bado ana tabasamu la mtu asiyejua ameuliza nini. "Niende kwa basi, na mume wako ana ndege?"

Mdogo wangu alimfunika mtoto vizuri.

"Ndiyo maana, Mama."